Kamera zafichua kinacholipasua tairi likiwa mbioni

KABLA ya jua kuchomoza, matatu za kwanza huwa zimekwisha kuondoka mjini Nyeri kuelekea Nairobi. Abiria hujikunyata ndani ya makoti kwa baridi inayoshuka kutoka Mlima Kenya upande mmoja na milima ya Nyandarua upande wa pili. Utingo hufunga mlango, na safari ya takriban kilomita 150 kupitia Karatina, Sagana na Thika huanza.

Ni wachache wanaoyatazama magurudumu. Dereva akishayapiga teke mara mbili tatu na kuyaona yamesimama wima, huridhika kwamba yamejaa upepo wa kutosha.

Ajali inapotokea, taarifa ya polisi kuhusu chanzo chake mara nyingi huwa fupi: dereva alishindwa kulidhibiti gari baada ya tairi kupasuka. Maneno hayo hutamkwa kana kwamba hayana swali la kufuata. Tairi limepasuka, basi. Kwa kuwa wahenga walisema ajali haina kinga, wengi huyapokea hivyo na kuendelea na shughuli zao za mazishi na matanga.

Hata hivyo, wahandisi ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakilipiga picha tairi linapozunguka kwa kasi wana maelezo mengine. Mbali na lile lililochomwa na msumari mkubwa au kukatwa na ukingo wa shimo, ni nadra tairi kupasuka kwa ghafla. Huanza kuharibika mapema, pengine wiki kadhaa kabla, mahali pasipoonekana kwa macho, na mwendo wa kasi huja tu kumalizia kazi iliyokwisha kuanzwa na uzito, joto na upungufu wa upepo.

Tatizo ni kwamba tairi lililoegeshwa halifanani na tairi linalokimbia.

Chukua tairi la kawaida la gari dogo, ambalo mzingo wake ni karibu mita 2. Gari likienda kilomita 120 kwa saa, tairi hilo huzunguka takriban mara 17 kwa kila sekunde. Kila sehemu ya uso wake hufika chini, ikabanwa na uzito wa gari hadi ikawa bapa, kisha ikainuka na kurudia umbo lake la mviringo. Kipande cha tairi kinachogusa lami kwa wakati mmoja hakizidi sana urefu wa kiganja cha mkono, na kwa mwendo huo kila sehemu hukaa chini kwa muda usiofikia sehemu moja ya mia mbili ya sekunde.

Kutoka Nyeri hadi Nairobi, kila sehemu ya tairi hilo hubanwa na kuachiliwa zaidi ya mara 70,000.

Isitoshe, ipo nguvu inayoivuta raba kwenda nje kwa sababu ya mzunguko, sawa na ile inayomvuta mtoto anayezungusha jiwe lililofungwa kwenye kamba. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kipande cha raba chenye uzito wa gramu 10 kilichoko kwenye uso wa tairi la namna hiyo huvutwa kana kwamba kina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Mwendo ukipanda hadi kilomita 120, kipande hicho hicho huvutwa kana kwamba kina kilo tatu na nusu. Kasi imeongezeka kwa nusu tu, ilhali nguvu ya kukibandua imezidi maradufu.

Hapo ndipo palipowatatiza watengenezaji wa matairi kwa miaka mingi. Walijua kwamba tairi hubadilika umbo linapokimbia, lakini walishindwa kulipima. Ukibandika kifaa cha kupimia juu yake, uzito wa kifaa hicho hubadilisha kile kinachopimwa, na kwa nguvu zilizotajwa hapo juu hakikawii kung'oka na kuruka kama risasi. Njia iliyobaki ilikuwa kulipima bila kuligusa, yaani kwa mwanga.

Hatua ya kwanza ilikuwa taa inayomulika na kuzimika kwa kasi kubwa. Katika miaka ya 1930, Harold Edgerton wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, nchini Marekani, aliiendeleza taa ya aina hiyo hadi ikaweza kuonyesha vitu vinavyozunguka kana kwamba vimesimama. Taa ikimulika mara moja kwa kila mzunguko, jicho huliona gurudumu likiwa mahali pale pale kila mara. Wahandisi waliweza kwa mara ya kwanza kuliona tairi likiwa limevimba ubavuni na kujikunja mbioni. Lakini kuona si kupima.

Namna ya kupima ilitokana na maarifa ambayo wazee wa Nyeri wana uzoefu nayo, ingawa huenda hawakuyasikia yakitajwa kwa jina.

Katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipoviunganisha vipande vya ardhi vya wakazi wa Nyeri na sehemu nyingine za Mkoa wa Kati, wenye mashamba walitakiwa kupanda miti na michongoma kwenye mipaka yao. Baadaye ndege zilipita juu zikipiga picha, na mistari ya miti hiyo ikawa ndiyo alama ya kuchorea ramani. Shamba lililokuwa wazi, lisilo na ua, halikuwa na kitu ambacho kamera ingekishika. Lenye ua lilionekana vizuri, na kwa kuwa ndege ilipiga picha zinazopandana, kila moja kutoka mahali tofauti kidogo, wapimaji waliweza kutambua hata bonde na mwinuko.

Kanuni ni ile ile ya macho mawili ya binadamu. Funga jicho moja kisha ujaribu kutia uzi kwenye tundu la sindano. Utaona jinsi ilivyo vigumu kukadiria umbali. Macho mawili, au kamera mbili zilizowekwa mahali tofauti, zikikitazama kitu kimoja, umbali wake hupatikana kwa hesabu ya pembetatu.

Tairi ni kama shamba lisilo na ua. Ni jeusi lote, na kamera haina cha kushika. Kwa hiyo mafundi wa maabara hulipaka ubavu wake rangi nyeupe, kisha hunyunyizia matone madogo meusi bila mpangilio wowote, mpaka likafanana na yai la kanga. Hakuna sehemu mbili zenye mchoro unaolingana, na kila sehemu ina alama yake ya kuitambulisha.

Tairi hujazwa upepo na kufungwa kwenye mtambo unaolikandamiza juu ya pipa kubwa la chuma linalozunguka. Pipa ndilo barabara. Pembeni husimamishwa kamera mbili zilizoelekezwa mahali pamoja. Kwanza hupigwa picha tairi likiwa limetulia, ili iwe kipimo cha kulinganishia, kisha pipa huanza kuzungushwa.

Kamera ya simu haiwezi kazi hiyo. Ikiachwa wazi kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, uso wa tairi linalokwenda kilomita 120 kwa saa huwa umesogea zaidi ya sentimita 3, na matone yote huonekana kama michirizi ya mvua. Ili picha isiparuzike kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, mwanga unapaswa kumulika kwa muda wa sehemu tatu tu za milioni moja ya sekunde. Kifaa kilichofungwa kwenye ekseli huitambulisha kamera wakati gurudumu limefika pembe inayotakiwa, na hapo taa humulika.

Kompyuta huigawa picha katika vijisehemu vidogo vya mraba na kukitafuta kila kimoja, kwa kufuata mchoro wa matone yake, katika picha ya pili, ya tatu na kuendelea. Kwa kulinganisha kamera ya kushoto na ya kulia, hujua kila kijisehemu kimesogea kiasi gani kwenda juu, chini, mbele, nyuma, ndani au nje. Vipimo hufikia sehemu za mia moja za milimita. Matokeo hutolewa kwa picha yenye rangi, sehemu zilizonyooshwa sana zikiwa nyekundu na zilizotulia zikiwa samawati.

Mbinu hii ya kufuata matone iliasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani. Wakati huo kompyuta zilikuwa dhaifu na ilichukua muda mrefu kuchambua picha chache. Siku hizi viwanda vya matairi, ndege na hata madaraja huitumia.

Afrika nayo haikuachwa nyuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria, nchini Afrika Kusini, walizifunga kamera mbili kwenye rimu, ndani kabisa ya tairi, pamoja na taa ya kumulika gizani humo. Walitengeneza utaratibu wa kuzifanya kamera hizo ziendelee kutazama chini wakati gurudumu lenyewe linazunguka. Kwa njia hiyo waliweza kupima, kutoka ndani, jinsi tairi linavyojikunja pale linapokutana na ardhi na mawe, sehemu ambayo kamera ya nje haiwezi kuiona kwa sababu imefichwa na barabara yenyewe.

Je, kamera hizo zimeonyesha nini?

Kwanza, tairi hukua. Likizunguka kwa kasi huongezeka kipimo chake kwa milimita chache, na uso wake huchukua umbo tofauti na lile la gereji. Mikanda ya waya iliyofichwa chini ya raba ndiyo inayolizuia lisikue zaidi. Kingo za mikanda hiyo, karibu na mabega ya tairi, ndizo huumia sana kwa sababu hapo waya ngumu hukutana na raba laini, na kila moja hutaka kwenda njia yake.

Pili, ubavu hutokeza nje kila unapopita chini, na kiasi cha kutokeza huongezeka upesi upepo unapopungua au mzigo unapozidi.

Tatu, na hili ndilo la kushangaza zaidi, tairi lililosukumwa kupita uwezo wake hufanya mawimbi.

Mtu yeyote aliyewahi kusubiri unga kwenye mashine ya kusaga mahindi ameona jambo hilo bila kulijua. Mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kwenye mashine ukikazwa vizuri, hupita umenyooka na kutulia. Ukilegea, huanza kupigapiga na kufanya mikunjo inayosimama mahali pamoja ingawa mkanda wenyewe unakimbia. Tairi nalo ni mkanda, na kinachoukaza ni upepo.

Sehemu ya tairi inapoinuka kutoka chini, hutikisika kidogo kabla ya kurudi katika umbo lake. Mtikiso huo husafiri kando ya tairi kwa kasi inayotegemea jinsi lilivyokazwa na jinsi lilivyo zito. Kwa mwendo wa kawaida, hutulia mara moja. Lakini tairi likizunguka kwa kasi inayolingana na ile ya mtikiso, mawimbi hurundikana nyuma ya mahali panapogusa barabara, na uso wa tairi hujaa makunyanzi kama maji yaliyopulizwa. Likifika hapo, nguvu za injini huishia kulipasha tairi joto. Katika maabara, tairi lililofikishwa kwenye hali hiyo huweza kumeguka vipandevipande baada ya dakika chache.

Tairi zuri la kisasa lililojazwa sawasawa hufikia hali hiyo kwa mwendo ambao hakuna barabara ya kutoka Nyeri inayouruhusu. Lakini mpaka huo hausimami mahali pamoja. Upepo ukipungua, hushuka. Mzigo ukiongezwa, hushuka tena. Na hata kabla mawimbi hayajaonekana, joto huwa limeanza kazi yake.

Raba ikikunjwa hairudishi nguvu yote iliyopewa. Sehemu yake hugeuka joto. Kukunjwa mara moja si kitu. Kukunjwa mara 60,000 kwa saa ni jambo jingine. Joto la ndani linapokaribia nyuzi 120 za Selsiasi, raba huanza kupoteza nguvu na kuachana na waya iliyoungamana nayo. Tairi hilo likipoa huonekana zima kabisa, ilhali ufa mdogo umeachwa ndani, nao hupanuka kila safari.

Wamarekani walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mnamo Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya nyuso zake kubanduka barabarani. Mamlaka ya usalama barabarani nchini humo ilihusisha matairi hayo na vifo zaidi ya 200. Kasoro za utengenezaji zilitajwa, lakini ilibainika pia kwamba ajali nyingi zilitokea katika majimbo yenye joto, kwa mwendo wa kasi, na kwamba kiwango cha upepo kilichopendekezwa kwa magari hayo kilikuwa cha chini, pauni 26. Upepo mdogo, joto, kasi na mzigo vilikutana.

Tangu Septemba 2007, magari yote mapya madogo yanayouzwa Marekani hulazimika kuwa na taa ya kumwonya dereva upepo unapopungua kwa robo. Matairi nayo hujaribiwa kwa masharti makali zaidi: huendeshwa kwenye pipa kwa kilomita 140, kisha 150, kisha 160 kwa saa, nusu saa kwa kila mwendo. Lipo pia jaribio la tairi lenye pauni 20 tu za upepo, linaloendeshwa kwa kilomita 120 kwa saa kwa dakika 90.

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, hali ya nchi yenyewe huufanya upepo wa tairi kuwa kitendawili.

Sagana iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana huwa na joto kali. Nanyuki iko karibu mita 1,950, na alfajiri baridi yake huweza kushuka hadi nyuzi 8. Dereva anayetoka Nairobi akisimama Sagana mchana kujaza upepo, tairi lake huwa limepata moto wa safari, pengine nyuzi 50 ndani. Kipimo husoma pauni 32, naye huondoka akiwa ameridhika.

Analala Nanyuki. Usiku hewa iliyo ndani ya tairi hupoa na kusinyaa, na kipimo hushuka kwa karibu pauni 6. Kwa kuwa Nanyuki iko juu na hewa ya nje ni hafifu zaidi, hupata nafuu ya pauni moja na kidogo. Asubuhi tairi lake lina pauni 27 na nusu hivi, bila tundu wala pancha. Hata angekuwa na ile taa ya Marekani, isingewaka, kwa sababu upungufu haujafika robo. Na magari mengi madogo yaliyoagizwa kutoka Japani hayana taa hiyo.

Abiria wanapanda, mizigo inapakiwa, na gari linateremka kuelekea joto la Sagana likiwa na tairi lililolegea.

Wapo madereva wanaofanya makosa kinyume cha hayo. Wakiona kipimo kimepanda tairi likiwa moto, hulifungulia upepo ili "lisipasuke". Huo ni kama kumwagia mafuta moto, kwa sababu kupanda kwa kipimo kwa pauni chache baada ya safari ni jambo ambalo watengenezaji walilitarajia, na pauni 32 zilizoandikwa kwenye mlango wa gari ni za tairi baridi. Likifunguliwa likiwa moto, litakapopoa litakuwa na upungufu, na safari inayofuata litajikunja zaidi na kupata moto zaidi.

Mzigo ndio mshirika wa pili. Soko la Karatina ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi nchini, na magunia ya viazi, kabeji na karoti hutoka hapo kwa kila aina ya chombo chenye magurudumu. Magari madogo ya Probox, yaliyoundwa kubeba watu 5, huonekana katika barabara za Nyeri, Kirinyaga na Embu yakiwa yamejaza watu 8 au zaidi, mmoja akishiriki kiti na dereva. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu mbili na herufi moja zinazoeleza linachoweza. Tairi lenye 91T limeundwa kubeba kilo zisizozidi 615 na kwenda kwa mwendo usiozidi kilomita 190 kwa saa. Lenye Q ni kilomita 160, R ni 170, S ni 180. Lakini ahadi hiyo ni ya tairi zima, lililojazwa sawasawa, lisilozidishiwa mzigo.

Kisha kuna miraa. Magari ya kubeba zao hilo kutoka Meru hukimbizana na saa, kwa sababu majani yakinyauka bei hunyauka nayo, na ndege haisubiri. Safari ya zaidi ya kilomita 200 kupitia Embu, Mwea na Makutano hufanywa kwa mwendo ambao umeyapatia magari hayo sifa mbaya kwa miaka mingi. Hapa mambo yote ya maabara hukutana barabarani: mzigo, kasi isiyopumzika, na kushuka kutoka penye ubaridi hadi tambarare zenye joto.

Marehemu John Michuki, mbunge wa Kangema aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, alipoanzisha kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004, magari ya abiria yalilazimika kufungwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi kilomita 80 kwa saa, pamoja na mikanda ya usalama. Mjadala wakati huo ulihusu breki, ukorofi wa madereva na nauli. Suala la matairi halikupewa uzito mkubwa, lakini ukirejea ile hesabu ya gramu 10, kiwango hicho kiliipunguzia raba zaidi ya nusu ya nguvu ambayo ingeivuta kwa mwendo wa kilomita 120. Vidhibiti vingi vilikuja kuchezewa na mafundi, na barabara nazo zimepanuka: ile ya Thika ilizinduliwa 2012, na baadaye ikafuata kazi ya kupanua ile ya kutoka Kenol hadi Marua kupitia Sagana, yenye kilomita 84. Lami laini humshawishi dereva kukanyaga mafuta. Tairi halijui kwamba barabara ni mpya.

Matairi yenyewe hutoka wapi? Kiwanda cha Nairobi kilichoanza kwa jina la Firestone na baadaye kikajulikana kama Sameer Africa, kilichotengeneza matairi ya Yana, kilisitisha utengenezaji mwaka wa 2016. Leo wateja hununua yale ya kuagizwa, yaliyotumika, au yaliyovikwa raba mpya baada ya ile ya kwanza kuisha.

Haya ya mwisho yana sifa mbaya kuliko yanavyostahili. Ndege za abiria duniani kote hutua kwa matairi yaliyovikwa upya mara kadhaa. Tofauti ni ukaguzi. Tairi la ndege huwekwa ndani ya chumba ambacho hewa yake hufyonzwa, kisha humulikwa kwa miali ya leza. Pakiwa na ufa ndani, hewa iliyonaswa humo huvimba kidogo sana, na kamera huuona uvimbe huo ukitokeza kama duara kwenye picha. Tairi hilo hutupwa. Bila ukaguzi wa namna hiyo, raba mpya huweza kubandikwa juu ya mikanda iliyokwisha kuachana. Uso wenye kilo moja ya raba iliyolegea, kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, huvutwa nje kwa nguvu ya kilo 350. Vipande vya raba vilivyotapakaa kando ya barabara ni mabaki ya mvutano huo.

Magari yaliyotumika nayo huja na mambo yake. Sheria huruhusu kuingiza nchini gari lisilozidi miaka 8, na baadhi hufika na matairi yale yale liliyovaa Japani. Mengine yana neno "STUDLESS" ubavuni, maana yake yalitengenezwa kwa ajili ya theluji. Raba yake ni laini ili ishike barafu. Theluji pekee iliyo karibu na Nyeri iko juu ya mlima, kwenye kilele cha Batian na vile vinavyokizunguka, na hakuna matatu iendayo huko. Kwenye lami ya Mwea saa nane mchana, raba hiyo hulainika, hujikunja na kuisha upesi.

Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilicho nje kidogo ya mji wa Nyeri, kina taasisi inayofundisha upimaji ardhi na matumizi ya picha zinazopigwa kutoka angani, pamoja na masomo ya uhandisi wa mitambo. Hesabu za pembetatu zinazofundishwa hapo kwa ajili ya mashamba ndizo hizo hizo zinazotumika kwenye tairi lenye matone.

Kwa dereva asiye na kamera wala pipa la chuma, kuna vitu viwili anavyoweza kusoma mwenyewe. Cha kwanza ni kipimo cha upepo, alfajiri, tairi likiwa baridi, kabla gari halijasogea. Cha pili ni tarakimu nne zilizo mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo huwa upande wa ndani, na hulazimu kupiga magoti na kumulika kwa tochi ya simu ili kuziona.